Sudi Amepona

Yuko palepale, kwenye kona kati ya kabati na dirisha, amekunja mikono. Nimemzoea mpaka najua anavyopumua. Amevaa shati la kaki la kazi yangu, kalamu yangu imechomekwa mfukoni mwake, na ana kidaftari ambacho sijawahi kumwona akikifungua, ila nikifumba macho tu nasikia kalamu inakwaruza. Haniombi chochote wala hanitishi. Anatutazama mimi na mke wangu tulivyojilaza, mgongo kwa mgongo, na nadhani anachoandika ni neno moja: hakuna.

Swali langu ni moja, nimelibeba mwaka wa tatu sasa. Ikiwa yule ni mimi, huyu aliyelala ni nani? Na ikiwa huyu aliyelala ndiye mimi, yule nani kampa mamlaka ya kunikagua? Watu wa mji wetu jambo hili huliita nguvu. Fulani bado ana nguvu, fulani nguvu zimemwisha. Ukiwasikiliza utadhani wanazungumzia serikali. Ujanani niliamini hivyohivyo, kwamba ndani ya mwanamume mna serikali ndogo yenye jeshi lake, na kazi ya jeshi ni kutii. Siku jeshi lilipokataa amri ndipo nilipojiuliza amri ilikuwa ikitoka wapi. Nikatafuta kichwani, nikatafuta kifuani, nikashuka chini, kila ofisi nimekuta imefungwa na mlinzi hayupo. Nikarudi kukaa barazani.

Mimi ni mkaguzi wa mizani. Naingia dukani, naweka jiwe langu la kilo moja juu ya sahani, nasubiri mshale utulie, naandika. Wenye maduka si wezi kama watu wanavyodhani. Kosa lao kubwa ni kuegemea meza. Mtu anataka sana kuona mshale utasimama wapi, basi anaegemea, meza inainama kidogo tu, mshale unaanza kutetemeka na hautulii ng'o. Huwa nawaambia: weka mzigo, toa mikono mezani, rudi nyuma hatua mbili, tazama kwingine. Nimewaambia hivyo watu elfu moja, kwa sauti ya mtu anayejua.

Ilianza mchana, katika saa ile ambayo mji mzima hufunga milango na kujilaza. Nilikuwa nimetoka sokoni, jua kali, nimezozana na muuza mchele, kichwa kinagonga. Mwanahawa, mke wangu, alikuwa ametandika shuka la maua madogo. Tukakaribiana kama wanavyokaribiana watu waliooana miaka kumi na sita, bila haraka na bila maneno. Mwili wangu ukakataa. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Mwanahawa akanipigapiga begani akasema, "Si kitu, Baba Shani. Umechoka tu." Laiti angecheka! Upole ule ulinichoma, nikausikia kama pole ya msibani. Nikainua macho kutazama saa ya ukutani ili nisimtazame yeye. Ilikuwa saa nane na robo. Chini ya saa alikuwa amesimama mtu mwenye shati la kaki.

Tangu hapo ni saa nane na robo. Nimebadilisha betri, nimenunua saa nyingine, nimeuliza watu njiani. Kila saa ninayoitazama ni ileile. Mshale wa sekunde unazunguka, wa dakika umegoma. Binti yetu Shani ameolewa na kuhamia mji mwingine, mvua zimekuja na kuondoka, nywele zangu zimeingia mvi, yote hayo ndani ya mchana mmoja ambao vivuli vyake havirefuki. Wengine hawaoni. Wanaamkiana, wanauza, wanazika, wanakula chakula cha jioni wanachosema ni cha jioni. Nimekuwa mpweke kiasi kwamba nimeanza kumwonea huruma yule wa kwenye kona, maana naye hana wa kuzungumza naye isipokuwa mimi, na mimi simsemeshi.

Mara ya pili haikuwa uchovu. Mara ya pili nilikwenda nikiwa na wasiwasi wa mara ya kwanza, na ya tatu nikiwa na wasiwasi wa zote mbili. Baada ya hapo nikaacha kwenda.

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa ujinga wangu. Katika mji wetu mtu haugui mwenyewe. Ni aibu, kama kula njiani. Ukiwa na homa unakwenda kwa daktari na kusema, nina jirani, ana homa. Daktari anakupa vidonge vya jirani, unarudi nyumbani, unavimeza ukiwa umeipa dunia mgongo, na jirani anapona. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Kwa homa, mfumo huu haujawahi kuleta madhara, kwa sababu kidonge hakiulizi jina.

Kliniki ya maradhi ya akili iko nyuma ya ghala la zamani la chumvi. Kuna ushoroba mrefu, benchi moja refu, na mwisho wake dirisha la karani anayeitwa Kombo. Kwenye benchi lile hakuna anayemjua mwenzake. Hata ukikaa na ndugu yako wa tumbo moja, unamsalimia kama mgeni, unatazama mbele. Nilikaa hapo wiki moja au mwaka mmoja, sikumbuki, nikiwa na kikaratasi cha namba kilicholowa jasho, mpaka nikaitwa.

"Umemletea nani?" Kombo akauliza. Ndivyo anavyomwuliza kila mtu.

"Rafiki."

"Jina lake?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. "Sudi," nikasema. Jina la kwanza lililonijia mdomoni. Nikasikia nyuma yangu mtu anageuka kama aliyeitwa, nikatazama: ni yeye wa kwenye kona. Amenifuata. Anatabasamu kidogo, kama mtu aliyekaa miaka bila jina na sasa kapewa.

Kombo akatazama saa, akaandika muda wa kufika. Saa nane na robo.

Daktari Salme alikuwa mama wa makamo, mtulivu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Chumbani mwake mna viti vitatu: chake, cha aliyeleta ugonjwa, na kimoja kitupu cha mgonjwa. Nikaketi. Sudi akaketi kwenye kile kitupu, akakunja mikono.

"Tatizo la Sudi lilianza ghafla au kidogokidogo?" daktari akauliza.

"Ghafla. Siku moja mchana."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo hakuwa na la kulalamika. Wala mkewe."

"Alfajiri akiamka, mwili wake unakuwaje?"

Nilitazama viatu vyangu. Alfajiri! Miaka imepita sijaona alfajiri. Lakini mwili una saa yake nyingine, haunishirikishi. "Huwa umeamka kabla yake," nikasema.

"Vizuri sana. Anakunywa? Anavuta? Kuna dawa anazotumia, za presha, za usingizi, za huzuni?"

"Hapana, daktari."

"Sukari amepima?"

"Hajapima."

"Ningependa nimtoe damu." Akatazama kiti kitupu, akatazama mkono wangu. "Damu zenu zinafanana?"

"Zinafanana sana, daktari."

"Basi kunja mkono wa shati."

Majibu yalipotoka, sukari ya Sudi ilikuwa sawa, presha yake sawa, kila kilichopimwa kwenye damu yake kilikuwa sawa. Daktari Salme akavua miwani. "Mwili wa rafiki yako ni mzima, bwana. Shida ni kwamba chumbani mwake mna watu watatu. Kuna mke, kuna mume, na kuna mkaguzi. Tangu siku ile Sudi akimsogelea mkewe hayuko naye. Yuko pembeni, anajitazama: itakuwa, haitakuwa? Hofu ikipanda, hamu inashuka, na akiona inashuka anazidi kuogopa. Hii si laana wala si uzee. Naiona kila wiki, na inatibika."

Nikafumba macho. Nikasikia kalamu ya Sudi inakwaruza.

"Mwambie nimempiga marufuku," daktari akaendelea. "Wiki tatu, tendo lenyewe hakuna, hata likijileta. Kila siku robo saa wakae, washikane mikono. Mabega, mgongo, nywele. Asitafute kitu. Asijipime. Wakimaliza wanywe chai. Lakini kabla ya yote hayo amweleze mkewe anachoogopa. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, mengine ni maji ya kumezea."

"Nitamwambia," nikasema.

Nilimwambia nani? Nilifika nyumbani, Mwanahawa anachambua mchele, nikasimama mlangoni na dawa yote mdomoni. Na ikabaki mdomoni. Ningesemaje? Kazi ile aliagizwa Sudi. Mimi sikuandikwa popote. Nikauliza kama kuna maji ya kuoga.

Wiki iliyofuata daktari akaniuliza Sudi anaendeleaje. Nikasema amemweleza mkewe. Ilinitoka tu. Akauliza mke alisemaje, na hapo nikajikuta nasimulia. Nikasema mke alimshika sikio kama mtoto mtundu, wakacheka. Nikasema wanashikana mikono kila siku, kwamba mara ya kwanza mikono ilikuwa migumu, mara ya tatu Sudi akalala usingizi katikati ya robo saa na mkewe hakumwamsha. Daktari akaandika, uso wake umechangamka. Nikaona ninaweza kumpa mtu furaha. Wiki ya tatu nikampa zaidi.

Nyumba ya Sudi. Naijua kuliko yangu. Dirisha linatazama kaskazini. Kuna saa ukutani na saa ile inatembea, inafika saa tisa, inafika saa kumi, jua linainama, mtu anawasha taa. Birika linachemka. Mwanamke anaita jina la mumewe, jina lenyewe, si la mtoto wao. Mimi nimeitwa Baba Shani mpaka jina langu limeingia kutu. Nani ananikumbuka? Nikienda kliniki siendi kutibiwa, nakwenda kutembelea nyumba ile. Nakaa robo saa ndani ya uongo wangu, najipasha joto, natoka. Namwonea wivu Sudi. Namchukia. Kanenepa, mashavu yamejaa, na bado kila mchana amesimama kwenye kona yangu, sasa akiwa amepumzika vizuri kuliko mimi.

Na Mwanahawa wangu? Mwanahawa alianza kununua sabuni. Nilikuta ya limau, kisha ya waridi, kisha nyingine ya kijani yenye karatasi ya kung'aa. Anaoga asubuhi, anaoga mchana, anaoga tena. Nikasema moyoni, kumekucha, amepata mtu. Mwanamke haogi hivyo kwa ajili ya mgongo wa mume. Sikumlaumu. Niliumia kimyakimya, nikazidi kuhamia ukingoni mwa kitanda, mpaka nikawa nalala kama mtu aliyepewa nafasi kwa hisani.

Jumanne ile alinipakulia chakula, akaketi mbele yangu, akasema bila kupandisha sauti, "Kaka Makame anakuja Ijumaa kunichukua."

"Kukupeleka wapi?"

"Kwetu."

"Kwa siku ngapi?"

"Baba Shani, mimi si wa kuombwa radhi wala sitaki ugomvi. Nimechoka kuishi na mgongo. Mgongo ningeweza kuchora ukutani." Akasukuma bakuli la mchuzi upande wangu. "Kula, utapoa."

Nikala. Ndiyo, nilikula mpaka nikamaliza. Baadaye nikakimbilia kliniki, nikamkuta daktari anagonga muhuri kwenye faili.

"Hongera," akasema. "Rafiki yako amepona. Hana haja ya kurudi."

"Daktari, labda aendelee kidogo."

"Kwa lipi? Mtu analala usingizi, anacheka na mkewe, na wiki iliyopita ulinieleza yaliyobaki. Ni mgonjwa wangu bora." Alinitazama muda mrefu juu ya miwani. "Wewe je, bwana, hujambo?"

Kama ningekuwa nazaliwa upya, ningezaliwa katika sekunde ile, nikajibu kweli. Nilijibu, "Sijambo, daktari. Namshukuru Mungu."

Sudi akasimama, akampa daktari mkono, akatoka mbele yangu akipiga mluzi.

Sikuwa na ugonjwa tena wa kupeleka. Jumatano nilishinda nikizunguka maduka yaliyofungwa. Alhamisi nikarudi kliniki, siku ambayo si yangu, kwa sababu Ijumaa ilikuwa inakuja na sikuwa na mlango mwingine wa kubisha. Nikachukua namba, nikatoka nje, nikarudi baada ya muda. Benchi lilijaa, nafasi ilibaki moja katikati, kando ya mwanamke mwenye mtandio wa kijani. Nikaketi. Nikasikia harufu ya sabuni ya limau.

Alikuwa Mwanahawa.

Desturi ni desturi. Hakushtuka, sikushtuka. Alitazama mbele, nikatazama mbele. Kikaratasi chake kilikuwa laini kwa kukunjwakunjwa, nikajua si mara yake ya kwanza.

"Habari za hapa?" nikasema, kama mgeni.

"Nzuri."

"Umemletea nani?"

"Rafiki yangu," akasema. "Anaitwa Raya."

"Anasumbuliwa na nini?"

Alikunja tena kikaratasi chake. "Mumewe amemwacha bila kumwacha. Wanalala kitanda kimoja. Raya anadhani ananuka."

"Ananuka?"

"Ndivyo anavyodhani. Utasemaje, mtu ukimsogelea kidogo tu anageukia ukuta, na hakwambii kwa nini? Amebadilisha sabuni kumi na moja. Anajisugua mpaka ngozi imepauka. Sasa hata yeye hamu imemwondoka, amekauka kila mahali. Daktari anamwambia si harufu, mwulize mumeo. Anaogopa kumwuliza." Akavuta mtandio. "Je, akijibu ndiyo?"

Sabuni kumi na moja. Nilizihesabu moja moja nyuma ya macho yangu, nikataka kupiga kelele. Niliona haya, haya ya kweli, si ya desturi. Miaka mitatu nilidhani mwenye kukataliwa ni mimi.

"Na wewe?" akauliza.

"Sudi. Yeye amepona."

"Alikuwa na nini?"

"Mwili wake ulimkatalia siku moja mchana, akaogopa."

"Akaponaje?"

"Alimwambia mkewe."

"Alimwambia nini?"

Hapo ndipo nilipokwama. Kwa daktari nililipita jambo lile kwa sentensi moja, alimweleza mkewe, kisha nikakimbilia chai na vicheko. Maneno yenyewe sikuwahi kuyatunga. Sudi alipona kwa dawa ambayo hakuna aliyeionja. Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa amesimama mwisho wa ushoroba, kidaftari wazi, kalamu tayari, safari hii anakionyesha bila kujificha.

"Alimwambia anaogopa," nikasema. "Kwamba tangu siku ile akimsogelea anajiona amesimama pembeni, anajipima, na akijipima anashindwa. Alimwambia hakuna mwanamke mwingine, hajawahi kuwepo. Kwamba mkewe hanuki. Kwamba kabla ya hizo sabuni alikuwa na harufu yake mwenyewe, ya shingoni, na ile harufu ndiyo inayomfanya atoke kazini mapema, halafu anakaa barazani kwa sababu anaogopa kuingia ndani. Alimwambia anamtaka. Kila siku anamtaka. Ndiyo maana anageukia ukuta."

Mwanahawa hakugeuka.

"Mke wa Sudi kapata bahati," akasema polepole. "Kaambiwa."

"Namba ishirini na tisa!" Kombo akaita. Ilikuwa yangu.

Nikaenda dirishani, nikaweka mikono mezani, nikaegemea. Niliona mikono yangu inatetemeka na meza inatetemeka nayo, kikombe cha kalamu cha Kombo kinagongana. Weka mzigo, nikajiambia kwa sauti ile ya kwenye maduka. Toa mikono. Hatua mbili nyuma. Tazama kwingine.

"Umemletea nani?" Kombo akauliza.

Nikatoa mikono mezani. Nikarudi nyuma hatua mbili.

"Nimejileta."

Nyuma yangu nikasikia benchi linalia, watu wanasogea, kama mtu kamwaga kitu. Kombo akainamia dirisha. "Hapa hatuandiki hivyo, bwana. Sema rafiki. Sema hata binamu."

"Sina rafiki. Mgonjwa ni mimi."

"Jina lako?"

Lilichukua muda kupanda. "Faki. Faki Hamadi."

Kombo akavuta fomu kutoka chini ya fomu nyingine zote, akaipuliza vumbi. Alikuwa bado anatafuta kalamu nilipohisi mtu kasimama ubavuni mwangu, na sabuni ya limau.

"Hiyo fomu ina nafasi ya mke?" Mwanahawa akauliza.

"Ipo, mama. Ila haijawahi kujazwa."

"Ijaze. Mwanahawa Juma. Faili liwe moja, usitufungulie mawili." Kisha, bado anamtazama Kombo, akasema nami. "Kesho kaka Makame akija, mlango utaufungua wewe, Faki."

Sikugeuka kutazama mwisho wa ushoroba kama yule bado yuko. Kombo aliandika majina yetu mawili, polepole, akiyasoma kwa midomo. Akainua kichwa kutazama saa ya ukutani ili ajaze muda wa kufika, kama kanuni inavyotaka.

"Saa nane na dakika kumi na sita," akasema, akaandika.